Kurasa Ishirini na Tatu

Chumba namba nne. Feni imekwama tangu Pasaka,
na nje, Upanga, jenereta la jirani linakohoa.
Nasoma mwandiko wa Kijerumani cha zamani,
herufi zimelala upande mmoja
kama mpunga uliopigwa na mvua.

"Umefika wapi, Somoe?" bosi anauliza.
"Kwenye ng'ombe."
Anacheka, anaondoka na kikombe chake.

Ni kweli, nipo kwenye ng'ombe.
Alois, fundi mwashi, mtu wa milimani,
anamwandikia dada yake Walburga
barua saba ambazo hazikupata stempu.
Kijiji chao kinaziomba sasa.
Kina nyumba thelathini na moja
na makumbusho ya chumba kimoja;
mwalimu mstaafu anayeyatunza
amenitumia maelezo, nisije nikapotea.

Kila nyumba, anasema, ina jina,
na jina la nyumba humeza jina la mtu:
ukiolewa kwa Mfinyanzi, wewe ni wa Mfinyanzi,
hata kama mfinyanzi wa mwisho alizikwa
kabla babu hajaota meno.
Hapo sikuhitaji maelezo.
Kwetu Ilala nyumba yetu ni kwa Mama Barafu.
Mama Barafu tulishamzika,
na friji lake tuliliuza chuma chakavu.

Neno moja lilinishinda siku tatu.
Halimo kwenye kamusi, ni la kijijini tu:
zile wiki za baridi
ambapo jua halivuki mlima,
na watu huwasha taa saa saba mchana.
Alois analiandika hapa, Dar es Salaam,
shati limemganda mgongoni:
*Huku hatuna neno hilo, Burga. Nalikumbuka.*
Nililiacha hivyo hivyo, bila tafsiri.

Halafu ng'ombe.
Mwezi wa tisa hushuka kutoka malisho ya juu
wamevikwa maua, utepe na vioo vidogo.
Lakini nyumba ikifiwa kiangazi hicho,
ng'ombe wake hushuka vichwa vitupu,
kengele zimezibwa kwa nyasi.
Hakuna anayeuliza. Wanatazama pembe, wanajua.

Alois anawasalimu wanane, mmoja mmoja:
Nyota, Madoa, Bibi Kijivu,
Mchelewaji, anayepiga teke upande wa kushoto…

Na kati ya barua ya sita na ya saba
kuna karatasi imekunjwa mara nne.
Mwandiko ni uleule, mkia uleule wa g.
Chokaa, mapipa arobaini.
Boriti za mikoko, mia mbili.
Wabebaji, 18.
Wabebaji, 17.
Wabebaji, 17.
Wabebaji, 14.

Nikaenda kunywa maji.

Babu yake bibi, Mshamu, alichukuliwa Kipatimu
kwenda kubeba mawe mji wa pwani.
Hatukujua arobaini yake tuihesabu kuanzia lini.
Pengine ni yule wa baada ya kumi na nane.
Pengine hakufika hata kwenye karatasi.

Barua ya saba inakatika katikati ya sentensi.
Chini yake mkono mwingine: homa, tarehe ishirini, Agosti.
Nikahesabu kwa vidole. Meli, halafu treni, halafu mguu.
Habari haikuwahi.
Mwaka ule ng'ombe wa Walburga
walishuka na maua yote,
na yeye akasimama mlangoni akipiga makofi.
Na Kipatimu, mwaka wao, mke wa Mshamu
alimwekea mbegu ya mtama kwenye kibuyu.

"Tuma barua tu," bosi amesema. "Jedwali si barua."

Jioni, wenzangu wamekwenda,
nimelaza ile karatasi chini ya kioo cha mashine,
palepale ilipokuwa, baada ya sita, kabla ya saba.
Mwanga umepita juu yake taratibu.
Fomu inasema: kurasa ishirini na mbili.
Nimekata kwa rula,
nimeandika juu yake, kwa mwandiko unaosomeka,
ishirini na tatu.